Mlango wa Kijani, Mkabala na Tangi la Maji

Mama alisema "karibu" kabla hajainua uso. Alikuwa ameshazoea. Kwa wiki tano watu tusiowajua walikuwa wakibisha mlango wetu wa kijani, kila mmoja na kikaratasi mkononi, na mama, ambaye mwanzoni alikuwa akikimbilia chumba cha nyuma, sasa aliwakaribisha bila kuacha kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kukunja. Alikunja karatasi katikati, akapitisha mgongo wa kijiko juu ya mkunjo, akaiweka upande wa kulia, akachukua nyingine. Kijiko kilikuwa cha uji, kimelika upande mmoja kwa miaka mingi ya kusuguana na karatasi. Ilikuwa Alhamisi, yapata saa kumi alasiri, na baba alikuwa ametoka kwenda kununua karatasi.

Mtu aliyekuwa mlangoni hakuingia. Mimi ndiye niliyemwona kwanza. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimesimama mbele ya kasha la herufi, vidole vyeusi kwa wino, na nilipoiona ile sura nikabaki na herufi mkononi. Nilimjua. Niliwahi kumtazama siku nne mfululizo mahakamani, mpaka nikalijua hata kovu dogo lililokuwa nyuma ya sikio lake.

Kisha mama akainua uso.

Lakini sina budi nianze na kosa, maana kosa ni langu, na bila kosa hilo mtu yule asingefika kwetu hata siku moja.

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba vitatu, na kile cha mbele, kikubwa kuliko vyote, hakikuwa chetu. Kilikuwa cha mashine. Baba alikuwa mpiga chapa. Mashine yake ilikuwa ya chuma kitupu, ya kukanyaga kwa mguu, yenye gurudumu kubwa ubavuni, na baba aliinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa akistaafu. Tuliiita Bi Mkubwa kwa sababu yeye ndiye aliyehudumiwa kwanza. Hakuna aliyekula chakula cha jioni kabla Bi Mkubwa hajafutwa wino kwa mafuta ya taa na kupakwa grisi kwenye viungo vyake. Mama alimwita mke mwenzangu, na baba akichelewa kuja mezani alimwambia alale hukohuko kwa mwenzake.

Tulichapa kadi za arusi, stakabadhi, mitihani ya shule na ratiba za mazishi. Herufi zilikuwa za madini ya risasi, moja moja, na kila herufi ilitazama kinyume, hivyo ukitaka kusoma ulichokipanga ilibidi ukisome kama mtu anayejisomea kwenye kioo. Mimi nilisoma kinyume haraka kuliko baba. Nilijua hivyo, na nilihakikisha kila mtu amejua.

Jumamosi mchana kazi za wateja zilikoma, na Bi Mkubwa akawa wa Bwana. Vile vipande vya karatasi vilivyobaki pembeni baada ya kukata kazi za wiki nzima, baba hakuvitupa. Alivikata tena vikawa saizi moja, na juu yake tulichapa vikaratasi vya Habari Njema. Kesho yake, baada ya ibada, familia nzima tulishika njia. Mtaa huu leo, mtaa ule Jumapili ijayo, mlango kwa mlango.

Kila mtu alikuwa na zamu yake. Baba, ambaye maneno yake kwa siku ungeweza kuyapanga kwenye mstari mmoja na nafasi ikabaki, alibisha na kusalimu. Mama aliimba. Dada, aliyekuwa mkubwa wetu, ndiye aliyeongea, na dada angeweza kuongea na ukuta mpaka ukuta ukakubali. Mimi nilibeba mfuko. Na Nukta, kitinda mimba wetu tuliyempa jina hilo kwa udogo wake, kazi hiyo aliianza kabla hajatamka sawasawa: alimkabidhi mwenye nyumba kikaratasi kwa mikono miwili, kwa kuwa baba aliamini hakuna mtu anayeweza kukataa kitu anachopewa na mtoto kwa mikono miwili. Walikuwepo waliokataa. Walifunga mlango kwa kishindo, na baba akauambia mlango ahsante. Tulicheka njia nzima kurudi nyumbani, dada akimuigiza baba anavyoushukuru mlango, na baba mwenyewe akijizuia asicheke akashindwa.

Maneno ya kikaratasi aliyaandika mama, mwaka ule dada alipozaliwa, akiwa na mtoto mapajani na kalamu mkononi. Hayakuwa mengi. *Kama umechoka, njoo. Kama umekosa, njoo. Mlango uko wazi. Njoo kama ulivyo. Hapa hakuna atakayekuuliza umefanya nini. Yesu anakungoja.* Baba aliyapanga mara moja tu, akayafunga kwa uzi, na tangu hapo hayakufunguliwa. Chini yake uliongezwa mstari mmoja peke yake, wenye jina la kanisa, mahali lilipo na saa ya ibada.

Dada alifariki akiwa na miaka ishirini, Jumamosi asubuhi, akipeleka kanisani kifurushi cha vikaratasi. Lori la kiwanda cha unga lilishuka mteremko bila breki. Mahakamani fundi mmoja alishika bomba lililopasuka, akalionyesha huku na huku, na siku ya nne hakimu akasema dereva hana hatia. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akafunga kitambaa chake cha kichwa vizuri, akatutangulia nyumbani. Kuanzia siku hiyo hakutoka tena nasi Jumapili, wala hakuimba, hata jikoni. Alikunja tu, maana vidole vilikuwa vimeizoea kazi na havikumuuliza. Kigoda cha dada kilisukumwa chini ya meza ya kukunjia na hakuna aliyekivuta. Kijiko chake kilibaki kwenye kopo pamoja na vingine. Na yule dereva, nyumbani kwetu, hakuwa na jina jingine zaidi ya "yule". Ukisema yule, kwa sauti fulani ya chini, kila mtu alinyamaza.

Ilipita miaka miwili, ndipo ikaja Jumamosi ya kosa langu.

Wenzangu walikuwa nje wakiruka kamba, nawasikia wakihesabu. Baba aliniachia nifunge fremu ya herufi za vikaratasi mwenyewe. Kwenye trei kulikuwa na mistari miwili iliyofungwa kwa uzi, urefu mmoja, unene mmoja: ule wa kanisa, na ule wa kwetu, uliokuwa ukikaa chini ya kila kazi tuliyochapa ili watu wajue pa kutupata. Nilichukua mmoja. Sikuusoma. Mimi, bingwa wa kusoma kinyume, sikuinama hata mara moja. Nikauweka mahali pake, nikakaza fremu, nikavuta prufu, nakala ya kwanza ya kukagulia makosa, nikaitundika msumarini na kukimbilia mlangoni. Baba, wino umempanda mpaka viwikoni, akaniuliza kama nimeisoma.

Nikamwambia nimeisoma.

Aliniamini. Alichapa mia nane, tukakunja mia nane, na Jumapili tukazigawa zote.

Jumatatu saa tatu asubuhi akaja mwanamke mmoja, fundi wa kushona, sindano tatu zimechomekwa kwenye kola ya blauzi. Baba akamuuliza anataka kuchapa nini. Akasema hataki kuchapa kitu, yeye ameambiwa aje. Akampa baba kikaratasi, na baba akakisoma mpaka chini.

*Yesu anakungoja. Nyumba ya mlango wa kijani, mkabala na tangi la maji. Saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Huduma ya haraka.*

Baba alikisoma mara mbili, halafu akanigeukia. Sikuhitaji kuambiwa kitu. Nilitamani Bi Mkubwa anifungulie meno yake niingie humo nijifiche. Lakini baba alichukua kiti, akakifuta kwa pindo la shati lake, akamwekea yule mwanamke, na akaita ndani chai iletwe. Mwanamke alikaa mpaka adhuhuri. Alisema alikuwa amefiwa na mume miezi saba nyuma, na kwamba ile "huduma ya haraka" ilimchekesha, na kwa kuwa hakuwa amecheka muda wote huo, akaona si vibaya akawaone watu wenyewe.

Jioni nililia. Nikakiri kwamba sikuisoma ile prufu, kwamba nilidanganya, na nikaahidi kupita mlango kwa mlango kuzikusanya zote mia nane. Baba alikuwa akifuta roli za Bi Mkubwa, na aliendelea kuzifuta.

"Tumewaambia waje," akasema. "Sasa wakija tuwaambie tumekosea kuwaalika?"

Halafu, kwa mtu wa maneno machache, akasema mengi. Alisema miaka ishirini na miwili amepeleka karatasi kwenye milango ya watu, na moyoni alikuwa akifurahi kwamba wakiitika wataenda kwa mchungaji, si kwake. Kumpa mtu karatasi ni kazi nyepesi, alisema, karatasi haiombi kiti. Kisha akanipa adhabu yangu: kila atakayekuja, mimi ndiye nitakayemletea kiti.

Nilileta viti. Alikuja mwalimu mstaafu kutuonyesha kwamba mkato mmoja umekaa vibaya, akabaki mpaka tukaomba pamoja. Wakaja vijana wawili waliodhani ni tangazo la punguzo. Akaja muuguzi aliyekaa bila kusema chochote, akasinzia kitini saa nzima, akaamka, akatushukuru sana, akaondoka. Akaja bwana mmoja aliyetaka mabishano, na baba, asiyejua kubishana, akampa gurudumu la Bi Mkubwa alizungushe, naye akabisha huku anazungusha mpaka kadi za arusi mia mbili zikaisha. Wiki ya kwanza mama hakutokeza. Wiki ya pili alileta chai mwenyewe, akaiweka, akarudi. Wiki ya nne nilimsikia akisema "karibu", taratibu, kama mtu anayejaribu ngazi kwa mguu mmoja kabla ya kupanda.

Na ndivyo tulivyofika ile Alhamisi.

Mama alipoinua uso, kijiko kilisimama juu ya mkunjo. Yule alikuwa mlangoni, ameshika kofia yake kwa mikono yote miwili. Alikuwa amekonda. Mabega yake yalikuwa na vumbi jeupe la unga, kwa maana hakushika tena usukani baada ya siku ile. Siku hizo alibeba magunia palepale kiwandani. Nililijua hilo baadaye.

"Mama," akasema. "Sikujua ni hapa."

Alieleza kwa vipandevipande. Kikaratasi alipewa na mtoto mdogo kwenye lango la kiwanda, kwa mikono miwili. Alikiweka ndani ya kofia yake, na kwa wiki zote hizo alikuwa akikitoa na kukirudisha. Leo ndipo alipopata moyo. Akasema amekosea nyumba, tumsamehe, hatarudi tena. Akakiweka kile kikaratasi ukingoni mwa meza, polepole, kama mtu anayeweka yai, akageuka.

Nikaona nafasi ya kumwokoa mama. Mimi ndiye niliyemfungulia mtu huyu mlango, basi mimi ndiye ningeufunga. Nikasema, "Mama, kosa ni langu. Anwani ilitakiwa iwe ya kanisa. Si wewe uliyemwita."

Mama alikichukua kile kikaratasi. Mikunjo yake ilikuwa imejaa unga, na ilikuwa imefunguliwa na kufungwa mara nyingi hata ikakaribia kuachana. Akakisoma. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Nilidhani anatafuta mstari wa anwani, lakini macho yake yalikuwa juu, kwenye yale maneno aliyoyaandika akiwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mtoto yu mapajani, hajapoteza kitu chochote bado. Alikawia sana kwenye ule mstari wa tano, *Hapa hakuna atakayekuuliza umefanya nini*. Yule alikuwa ameshateremka kizingiti.

"Umekosea wewe," mama akaniambia. "Yeye hajakosea."

Kisha akasema kwa sauti ya juu kidogo, kuelekea mlangoni, "Ingia."

Kuleta kiti ilikuwa kazi yangu. Lakini kiti cha wageni kilikuwa kimejaa kadi mbichi nilizozitandaza zikauke. Mama akainama chini ya meza, akavuta kigoda cha dada. Miguu yake ilikwaruza sakafu, na pale kilipokuwa kimekaa miaka miwili pakabaki alama nne safi katikati ya vumbi. Akakifuta kwa kiganja. Mtu yule akakaa, bila kujua amekaa juu ya nini, na hata leo nashukuru kwamba siku ile hakujua.

Mama akafanya alichokiweza: akatia mkono kwenye kopo, akatoa kijiko, akampa. Akamsogezea karatasi.

"Katikati," akasema. "Kisha kijiko. Mara moja tu, ukirudia inang'aa."

Mikono ya yule ilikuwa mikubwa, imepasuka kwa magunia. Kumi za kwanza zilitoka kombo kabisa. Mama alizichukua moja moja bila kusema kitu, akazinyoosha, akazikunja upya. Kufikia ishirini zilianza kunyooka. Kufikia arobaini hukuweza kutofautisha za nani ni zipi. Vijiko viwili vilikuwa vikiteleza, kimoja baada ya kingine, na nje watoto walikuwa wakiruka kamba, na mimi nilikuwa bado nimesimama na herufi moja mkononi nisiyokumbuka ilikuwa ya neno gani.

Baada ya muda mrefu mama akasema, huku akiitazama karatasi, "Wewe ndiye uliyekuwa naye. Alisema kitu?"

Yule akaweka kijiko chini. Alisema mahakamani waliuliza mwendo, wakauliza gia, wakauliza breki, siku nne, na hilo hakuna aliyemuuliza. Miaka miwili alikuwa akingoja mtu amuulize. Aliogopa atakufa hajaulizwa.

"Niliruka chini, nikapiga magoti pale alipokuwa," akasema. "Akanitazama vizuri tu. Akaniambia, 'Kaka, umeumia?' Nikamwambia sijaumia. Akasema, 'Mungu ashukuriwe.' Basi, mama. Hakusema tena."

Nimeingia katika makanisa makubwa tangu siku ile. Nimesikia kwaya za watu mia tatu, nimesimama chini ya madirisha ya rangi jua likipita ndani yake, na nimefurahi kama anavyofurahi mtu yeyote. Lakini nimetaka kuvua viatu mahali pamoja tu, chumba kile cha mbele, chenye harufu ya wino na mafuta ya taa, alasiri ya siku ya kazi. Niliogopa. Haikuwa hofu ya kitu kibaya. Ilikuwa hofu ya mtu aliyeingia chumbani akidhani hakuna mtu, kumbe mwenye nyumba yumo humo muda wote, ameketi, anamtazama kwa upole. Nilifikiria uzi ule, na trei ile, na mkono wangu mvivu ukichukua mstari mmoja badala ya mwingine.

Mama hakulia mara moja. Alikuwa akitikisa kichwa, taratibu, kama mtu anayetambua sura katika kundi la watu.

"Ndiye," akasema. "Ndiye huyo. Huyo ndiye mwanangu."

Nilimwelewa. Kwa miaka miwili, kila tulipomfikiria dada tuliliona lori. Uso wake ulikuwa nyuma ya lori na hatukuweza kuufikia. Sasa alikuwa amerudishwa kwetu, yeye mwenyewe, dada yule yule aliyeongea na kila mtu, akimuuliza hali mtu aliyemgonga, na aliyemrudisha alikuwa ameketi kwenye kigoda chake.

Mama akachukua karatasi nyingine, akaikunja, akapitisha kijiko. Ndipo akaanza kuimba. Sauti ilitoka na kutu, ikakatika, akaikohoa, akaanza tena. Ulikuwa wimbo tuliokuwa tukiimba milangoni. Machozi yalikuwa yakimtoka kwa wingi sasa, naye hakuyafuta, alisogeza tu zile karatasi pembeni zisilowe. Mtu yule hakuyajua maneno. Alikunja kwa kufuata mapigo.

Baba alitukuta hivyo. Alifika na rimu mbili begani, akasimama kizingitini, akamwona aliyekaa, akasikia anayeimba. Sijui kipi kilimpiga zaidi. Alisimama palepale na mzigo wake beti zote tatu, na hakuutua mpaka mama alipomaliza. Kisha akaziweka chini zile rimu, akaenda mezani, akampa yule mkono kama alivyompa kila mgeni.

"Karibu," akasema. "Umepewa chai?"

Hakuwa amepewa. Nikagombezwa mimi.

Nisidanganye tena, nimeshadanganya mara moja na ilitosha. Mambo hayakuwa mepesi baada ya hapo. Mama alikaa kitandani siku mbili bila kutaka kuzungumza na mtu. Alhamisi iliyofuata mtu yule alipobisha, mama alikuwa chumba cha nyuma, na mimi na baba tulitazamana tukajua hatatoka. Chai ikapoa. Karatasi zikakunjwa nusu. Ndipo pazia likasogea, akatoka, akaketi mahali pake, akamwambia kwamba wiki iliyopita alikuwa akikibonyeza mno kijiko. Alhamisi ikawa siku yake tangu hapo.

Jumapili moja mama akafunga kitambaa chake na kusema anakuja. Tulipotoka tulimkuta yule amesimama kwenye tangi la maji, akitungoja, hajaalikwa na mtu. Akanipokea mfuko. Kwenye mlango wa kwanza mwenye nyumba, aliyetujua sote kwa miaka, akauliza huyu ni nani, nami nikamtazama mama, mama akamtazama baba.

"Ni wa nyumbani," baba akasema.

Ilichukua miaka kabla hajafungua kinywa mlangoni. Hakuwahi kuwa msemaji. Alisimama pale ambapo dada alikuwa akisimama na kusema jambo moja tu, alichoulizwa na binti aliyekuwa akifa barabarani, na kwamba yeye aliyeulizwa ndiye aliyemgonga. Niliona watu wazima wakishika miimo ya milango yao. Niliona mlango uliofungwa kwa kishindo ukifunguliwa tena, taratibu, kabla baba hajamaliza kuushukuru.

Ile anwani haikurekebishwa. Baba alikuwa ameshaukata uzi ili arudishe mstari wa kanisa, na mama akamwambia auache wa kwetu kama ulivyo.

Baba hayupo sasa, wala mama. Nukta anachunga kanisa katika mji mwingine, na bado akikupa kitu anakupa kwa mikono miwili. Nyumba nimebaki nayo mimi. Siku hizi nachapa kwa kompyuta kama kila mtu, na Bi Mkubwa amekaa pembeni, mzee wa heshima, nampaka grisi kila mwisho wa mwezi. Tangi la maji walilibomoa miaka mingi iliyopita. Mlango bado naupaka rangi ileile.

Jumatatu hii mke wa yule alikuja. Alibisha, nikasema "karibu" kabla sijainua uso, na nilipoinua nikaona amevaa nyeusi. Alikuwa amefunga kitu ndani ya kikaratasi, akakiweka mezani. Kilikuwa kijiko. Alisema mumewe alikuwa akikibeba kwenye mfuko wa shati kila Alhamisi, miaka thelathini na minne, na kabla hajafa aliagiza kirudishwe kwenye kopo lake. Akasema wanahitaji ratiba za mazishi mia mbili.

Sikuwasha kompyuta. Nilivuta kasha la herufi na kupanga kwa mkono, risasi moja moja, jina lake lote, ambalo nyumbani kwetu tulichelewa sana kulitamka. Mwishoni nikachukua kwenye trei ule mstari wetu. Uzi wake nimeubadilisha mara tatu, herufi zenyewe sijazigusa. Nikaufunga chini ya ratiba, nikavuta prufu, nikaisoma mara tatu kama nisomavyo zote, kisha nikampa naye asome.

Alisoma mpaka mstari wa mwisho.

"Tangi halipo siku hizi," akasema. "Watu watapotea."

"Wataulizia," nikamwambia, nikamvutia kigoda.